Wageni Wasio na Kadi

Mwelu Kitonga alianza kuwaogopa ndovu kabla hajawahi kumwona hata mmoja. Alizaliwa Maungu, katika nyumba ya mabati iliyokuwa mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Mombasa. Wakati wa kiangazi ndovu walikuja alfajiri, wakifuata mbaazi za baba yake. Bibi yake, ambaye watoto walimwita Susu kama ilivyo desturi ya Wakamba, alikuwa na amri moja tu: "Ukisikia matawi yanavunjika, hukohoi, hulii, humwiti mtu."

Alfajiri moja, Mwelu akiwa na miaka tisa, matawi yalivunjika karibu sana na ukuta. Ndugu yake mdogo, Ngui, alianza kulia. Mwelu akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akamuuma, naye hakuuondoa mkono. Kulipopambazuka, shamba lilikuwa udongo mtupu na kiganja chake kilikuwa kinatoka damu, lakini wote walikuwa hai. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kimya ndicho kinachookoa watu.

Alisomea kazi ya maktaba Mombasa, kisha akaajiriwa katika shule moja ya msingi huko Chawia, juu milimani. Miaka ile sita anaikumbuka kuwa miaka ya kulala vizuri, kwa sababu ndovu hawapandi kule. Huko ndiko alikojifunza kupiga kayamba, lile bapa la matete lenye mbegu ndani ambalo hutikiswa kwa mikono miwili. Mwalimu wa kwaya, Pauline, alimwambia baada ya wiki mbili, "Wewe Mkamba, nani amekupa mikono ya Kitaita?" Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anatunga nyimbo za kwaya, na watu wa Wusi walikuwa wanatembea saa nzima kuja kuisikiliza. Huko pia alimpata mume, Donald, fundi wa umeme, na wakamzaa Cynthia.

Walihamia Voi mama yake Mwelu alipougua. Donald alipata kazi Taveta, akawa anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mwelu alipewa chumba cha watoto katika maktaba ndogo pembezoni mwa mji, upande ambao mitaa inaisha na vichaka vinaanza. Alishona mikeka na kubandika vitabu vilivyochanika kwa gundi ya unga. Kila Jumamosi alipiga kayamba, akasoma hadithi, akapiga tena. Watoto walimpenda sana. Walipenda hata sheria yake ngumu, ambayo kwao ilikuwa kama mchezo: katika chumba kile hakuna aliyeitika kwa sauti. Ukiitwa jina, unainua mkono na kuushikilia juu mpaka Madam akuone. Wageni waliotembelea maktaba walishangaa kuona watoto wadogo namna ile wakiitwa kwa mnong'ono na mikono ikiinuka kimya kimya. Mwelu hakuwaambia sababu.

Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana, mvua ikiwa imekosa kunyesha misimu miwili, kulikuwa na watoto kumi na tisa mkekani, Cynthia akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka saba. Saa tisa alasiri alimnong'oneza mama yake, "Mama, naenda msalani," akatoka kwa mlango wa nyuma. Choo kilikuwa nje, hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni. Mwelu aliitikia kwa kichwa na kuendelea kupiga kayamba.

Muda mfupi baadaye mlango wa mbele ulifunguliwa. Alikuwa Zephaniah, bawabu, mzee wa Wusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alikuwa anahema.

"Madam," alisema polepole, "kuna wageni. Na hawana kadi."

"Waambie wangoje nje."

"Wako nje. Wako kwenye tangi la maji. Mama na mtoto wake."

Mwelu alielewa. Kayamba lilikuwa bado mikononi mwake, na kila mbegu ndani yake ilikuwa tayari kupiga kelele. Alilishusha likiwa limelala bapa, kama mtu anayeweka chini trei ya mayai, mpaka likagusa meza. Hata hivyo mbegu chache ziliteleza. Sauti ile ndogo ilimtoa jasho.

Zephaniah alifunga mapazia na kukomea milango yote miwili. Chumba kikawa na giza hafifu. Nje walisikia bomba la chuma likipinda, kisha maji yakimwagika, kisha pumzi nzito, ndefu, kama gari kubwa linaloachia breki.

"Nimeshawapigia askari wa wanyama," Zephaniah alinong'ona. "Wako upande wa Sagalla. Wanakuja."

Watoto walilala kifudifudi mkekani. Mwelu alianza kuwaita mmoja mmoja kwa mnong'ono, na mikono ikainuka. Mbula. Kitonga mdogo. Geoffrey. Ndila. Alihesabu mikono kumi na minane. Akaita jina la kumi na tisa.

"Cynthia."

Hakuna mkono ulioinuka mkekani. Akaita tena. Hakuna.

Ukweli ni kwamba mkono uliinuka. Cynthia alikuwa amerudi kutoka chooni kabla milango haijafungwa, akaingia kwa ule wa nyuma na kujibanza nyuma ya kabati la vitabu vilivyorudishwa, kwani hapo ndipo alipopenda kusomea. Alimsikia mama yake. Aliinua mkono, akaushikilia juu kama alivyofundishwa, akangoja aonekane. Lakini kabati lilikuwa refu na chumba kilikuwa na giza, na mama yake hakuwa na shaka yoyote kwamba mtoto yuko chooni, mita chache kutoka kwa ndovu mwenye ndama.

Mwelu alisimama akaelekea mlango wa nyuma. Zephaniah alimshika mkono.

"Huendi, Madam."

"Ni mtoto wangu."

"Na hawa je?"

Mwelu aliwatazama watoto kumi na wanane sakafuni. Alimgeukia Rita, msichana wa darasa la saba, mkubwa kuliko wote. "Rita, hakuna anayesimama. Umenisikia?" Rita aliinua mkono. Mwelu akafungua komeo, akatoka.

Anasema hakumtazama ndovu, ila alimwona. Alimwona kama mtu anavyoona ukuta anapopita kando yake: kitu cha kijivu kilichojaza upande mzima wa kushoto. Hakukimbia. Alitembea kwa ncha za vidole, akiizuia pumzi, akaingia chooni na kuvuta mlango.

Choo kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Kama Cynthia hayuko hapa, yuko wapi? Alifikiri labda ameanza kwenda nyumbani peke yake kupitia vichakani. Alifikiri labda amekutana na ndovu njiani. Alifikiri mambo ambayo mpaka leo hawezi kuyataja. Alitamani kuita kwa nguvu zake zote, lakini amri ya Susu ikamzuia. Nje, ndama aligusa mlango wa choo kwa mkonga, mara moja, akaondoka. Mlango ulifungwa kwa kipande cha waya tu.

Ndani ya maktaba, Cynthia alikuwa amechoka kuinua mkono. Alitoka nyuma ya kabati na kumwuliza Rita, "Mama yuko wapi?"

"Ametoka kukutafuta, mjinga wewe. Lala chini!"

Cynthia hakulala. Alikimbilia dirishani, akavuta pazia na kupiga kelele, "Mama! Niko huku! Mama!"

Mwelu aliisikia sauti ile, na kwa nukta moja alijawa na furaha kuliko siku aliyomzaa. Kisha akasikia maji yameacha kunyonywa. Kupitia tundu la hewa juu ya mlango alimwona ndovu akigeuza kichwa kuelekea dirishani, masikio yakifunguka mapana. Mtoto alikuwa bado anaita. Mwelu hangeweza kujibu. Alipanda juu ya ndoo, akapenyeza mkono wake kwenye tundu mpaka begani, akauinua na kuushikilia juu.

Cynthia aliuona. Akanyamaza. Rita akamvuta chini, pazia likarudi.

Ndovu alisimama bila kusogea kwa muda ambao Mwelu hajui kuukadiria. Zephaniah anasema ni dakika mbili. Kisha akarudi kwenye maji. Gari la askari lilipofika likipiga honi na kufyatua baruti, mkono wa Mwelu ulikuwa bado nje ya tundu, na ilibidi Zephaniah amsaidie kuuteremsha.

Wazazi walifika mbio. Mmoja wao, Mutuku, dereva wa lori mwenye watoto wawili pale, alimshika Mwelu mikono yote miwili. "Madam, Mungu akubariki. Umewachunga watoto wetu."

"Lakini baba," mwanawe Geoffrey alisema, "Madam hakuwa ndani. Alikuwa amejifungia chooni."

Watu walicheka sana, kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari. Mama mmoja alisema hata yeye angekwenda huko huko. Mwelu hakucheka. Wangeondoka wote wakiamini ni mzaha tu, na angeweza kuwaacha waamini hivyo.

"Si mzaha," alisema. "Nilitoka kumtafuta huyu wangu. Wenu niliwaacha na Rita. Ndovu angeingia, nisingekuwepo."

Kicheko kilikatika. Mutuku aliachia mikono yake. Alimtazama Cynthia, akawatazama wanawe, kisha akatazama tangi lililopasuka na maji yanayozama ardhini. Mwelu alingoja. Alijua kwamba neno la mzazi huyu mmoja lingetosha kukifunga chumba kile.

"Jumamosi mnafungua saa ngapi?" Mutuku aliuliza hatimaye.

"Saa tatu."

"Nitawaleta mwenyewe," alisema. "Na sitaondoka. Nitakaa hapo kwenye mlango wa nyuma, wewe ukae na watoto."