Kutu Chini ya Kiti cha Nyuma

Mpaka leo sijui kama nilifanya vema kuipigania ile sakafu ya gari.

Jipu letu ni la zamani. Baba alilinunua alipokuwa bado na ng'ombe, ili abebe maziwa kutoka Nyamitaba. Kisha siku moja watu wenye bunduki waliwachukua ng'ombe wote, wakawaswaga kuelekea Walikale, na hatukuwaona tena. Gari lilisalimika kwa sababu halikuwa na betri siku hiyo. Macho ya baba yalipoanza kufifia, nikashika usukani mimi, binti yake. Nilibeba abiria, maharage na jibini mpaka Kitchanga, naye akikaa pembeni yangu kila safari. Nyumba nzima ilikula kwa gari hilo. Watu walizoea upesi kuendeshwa na mwanamke. Kuona barabara katikati ya miguu yao hawakuzoea.

Tundu lilikuwa nyuma, upande wa kushoto. Mama mmoja aliyeketi hapo aliniuliza, kwa upole kabisa, kama parachichi zake zilitakiwa kushuka kabla yake. Wote walicheka. Mimi sikucheka, maana abiria wakianza kuogopa gari lako, wanapanda la mwenzako.

Nikalipeleka kwa tolie, ndivyo tunavyowaita mafundi wa bodi. Alikuwa mtu wa Butembo mwenye duka la vipuri pale Kitchanga, na karakana nyuma ya duka. Aligonga na nyundo, akakata bati lililooza, akachomelea jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kazi safi. Baada ya miezi michache bati jipya likaanza kuvimba na kumenyuka palepale. Akarudia. Kutu ikarudi. Nikamwambia anatumia mabati ya makopo. Akaniambia namwaga maziwa. Maziwa gani, na ng'ombe hatuna? Nikabadilisha mpira wa dirisha, nikidhani ni mvua. Nilikesha nikiwaza kwa nini upande wa kulia, wenye dirisha bovu zaidi, ulikuwa mzima. Nilifikiri hata kuwa dereva mwenzangu ananifanyia kitu. Nikiwa na hasira sichagui wa kumshuku.

Mara ya tatu tolie aling'oa bati, akakwangua unga mweupe uliokuwa kwenye mshono, akalowesha kidole na kuonja.

"Hii iko chumvi, dada," alisema. "Munaogeshaka gari mu bahari?"

"Bahari gani, kaka? Unaniuliza mie?"

"Basi njo useme chumvi inatoka wapi. Mie nitasude, nichomelee mpaka nizeeke, haitasaidia."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Baba nilipomsimulia, alisema tu kwamba chumvi iko kila mahali, hata kwenye jasho. Nikajaribu kupiga hesabu ni jasho la abiria wangapi linalotoboa jipu. Ndiyo, niliwaza hivyo kwa dhati.

Asubuhi moja niliamua kukiosha kiti cha nyuma, sikumwambia mtu. Nikakiinua. Chini yake, kwenye kona ya kushoto, ulikuwepo mfuko wa chumvi ya ng'ombe, ile ya mawe, umelowa na kuchuruzika kwenye bati jipya la tolie. Ulikuwa wa baba; baadaye alikiri kwamba alikuwa akiutoa kila tulipokwenda karakana na kuurudisha tukitoka, na ukiyeyuka ananunua mwingine sokoni nikiwa napakia maharage. Miaka yote hiyo.

Nilimwita kwa sauti ambayo binti hamwiti nayo baba yake. Alikuja, akautazama mfuko, kisha akanitazama mimi.

"Papa, hii ni ya nini?"

"Ya ngombe."

"Ngombe gani?"

"Zetu. Nikikutana nazo mu njia, nitaziita na nini?"

Sikujua kama baba yangu anaanza kupotewa na akili, au kama ni mimi niliyekuwa nimekaa naye kila siku, bega kwa bega, bila kujua tunachokitafuta. Nikamwambia, kwa ukali ambao najutia, kwamba miaka imepita mingi, ng'ombe wale wameshakufa hata kama hawakuchinjwa.

"Ninajua," alisema. "Lakini walizala."

"Watoto wao hawakujui, Papa."

"Chumvi wanaijua."

Tukapatana hivi: chumvi ikae ndani ya bidoni, dumu lenye kifuniko, na bidoni likae miguuni pake. Tolie akachomelea kwa mara ya mwisho. Mimi nikaona nimeshinda.

Wiki chache baadaye nilikubali mzigo wa kwenda Kashuga, njia ya kuelekea Walikale. Njiani kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka, nikasimama. Baba akafungua mlango, akashuka na bidoni lake, akamimina chumvi kiganjani na kutoa mlio wa kuita ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Ng'ombe mmoja jike akasogea, akamlamba mkono. Baba akaukaribia sana uso wa yule ng'ombe, kwa sababu ya macho, akamgusa pembe, sikio, na bega lenye alama ya moto ya mwenye ng'ombe.

Mchungaji akaja mbio kidogo. "Papa, iko ngombe yako?"

Baba aliipapasa ile alama mara nyingine. "Hapana," alisema. "Iko yenu."

Kisha akamkabidhi mchungaji bidoni lote, akarudi kukaa, akaniambia, "Twende, mama." Ndivyo anavyoniita akiwa amechoka.

Hajanunua chumvi tena. Sakafu ni kavu, bati halina hata doa, abiria wanakanyaga bila kuuliza. Nilichokitaka nimekipata, na sielewi kwa nini kinaniuma. Sasa tukikutana na ng'ombe, baba anageuzia uso upande wa pili, anatazama mlima. Mimi ndiye ninayepunguza mwendo.