Mzee wa Kwenye Kompyuta

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana steshenari hapa Mpanda, si mbali na stendi. Kuna wiki alitakiwa kwenda Kapalamsenga kumwangalia binti yake aliyekuwa karibu kujifungua, akafikiria kuniachia duka. Kutoa kopi nilishajua. Shida ilikuwa mausi ya kompyuta, ilinikimbia mkononi kama kuku. Mimi nimeishia darasa la saba, na labda hiyo si sababu, maana wapo wa darasa la saba wanaojua.

Ndani ya kompyuta, ambayo ilinunuliwa mtumba, kulikuwa na gemu la Kichina. Ni boksi lenye mlango chini, na ndani yake vibao kumi vimebanana. Kile kikubwa kuliko vyote kimechorwa mzee wa ndevu, vile vinne vidogo ni askari, na kimoja kimelala kwa upana chini ya mzee. Unavisogeza tu, huwezi kuviruka.

"Zoeza mkono na hili," wifi alisema. "Ukimtoa huyo mzee mlangoni kabla sijaondoka Jumamosi, nakuachia funguo. Ukishindwa nafunga duka, tusilaumiane."

Nilizitaka zile funguo. Mjini hapa nilijulikana kama mke wa fulani, basi. Nilitaka mtu aingie, aniulize mimi.

Siku mbili nilihangaika. Kwetu Inyonga, ambako nimezaliwa, mzee haambiwi inuka. Vijana ndio hutangulia nje, yeye anafuata akipenda, na akiwa baba mkwe hata karibu yake hupiti. Kwa hiyo nikawapeleka askari mlangoni. Wanafika, wanagoma. Nawabembeleza, wanagoma. Mzee sikumgusa hata mara moja. Maelezo yalikuwa ya Kichina, siwezi kuyalaumu.

Siku ya tatu wifi akasimama nyuma yangu. "Mbona humsogezi?"

"Nasubiri wadogo watoke kwanza."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Jamani! Unamkwepa baba mkwe mpaka kwenye kompyuta? Hao hawatoki, wifi. Anatoka yeye peke yake. Msukume!"

Nikamsukuma. Akashuka hatua moja, akakwama. Nikavirudisha vibao, nikajikuta nilipoanzia, au labda mahali pengine palipofanana napo. Sikuwa na uhakika hata wa hilo.

Ijumaa mchana akaja mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, kutoa kopi za barua zake. Nilipoinama kuweka karatasi kwenye mashine nikamsikia: "Huyu aliyelala ndiye anakuzibia, mwanangu." Kuinuka, tayari ameshika mausi, kibao kile cha kulala kimehamia pembeni. Alilipa, akaenda zake. Mimi nikasogeza hiki, nikasogeza kile, na mara mzee akatoka. Nikabaki namwangalia. Sikujua nimefanyaje.

Jumamosi asubuhi wifi aliona mzee yuko nje ya boksi, akapiga vigelegele. Sitasema uongo hapa, nilitaka kunyamaza. Nikamwambia, "Mwalimu alisogeza kimoja."

"Kimoja tu?"

"Nilichokiona. Nilikuwa nimeinama."

"Na wewe ulisogeza vingapi?"

"Vingi. Lakini sijui kama kile chake ndicho kilichomtoa."

Aliniangalia, akaangalia nje. Bodaboda wa kumpeleka stendi na mizigo yake alikuwa anapiga honi. "Nyie watu wa Inyonga mtanichelewesha basi," akasema, akazitupa funguo juu ya kaunta, akapanda.

Nilikaa na duka wiki mbili na nusu. Watu waliingia, wakaniuliza mimi. Wasipokuwepo nilimrudisha mzee ndani nianze upya, nipate kujua kama zile funguo zilikuwa halali yangu. Mara zote alikwama palepale, juu ya yule aliyelala.