Masharubu Yangu Yalibaki Makavu

Ko, ko, ko! Kengele ya mti ilinifikia kabla sijaona hata pembe moja. Ilitokea nyuma ya vumbi, upande wa Kulesa, nikajua ng'ombe wa Mzee Godana wanashuka mtoni. Hadi leo nikisikia mti ukigonga mti, mwili unanisisimka. Wasomaji, nimekosa! Si shetani, si bahati mbaya. Ni mimi.

Siku zile nilikuwa karani mdogo ofisini kwa bwana shauri, mkuu wa serikali pale Garsen, na nilikuwa na masharubu. Msicheke. Leo ningekuwa na mke kama si masharubu hayo.

Kila asubuhi niliyachonga kwa mkasi mdogo, unywele mmoja mmoja, kioo nimekiegemeza kwenye kopo la chai. Kisha niliyeyusha nta ya nyuki ndani ya kijiko, nikaichanganya na tone la mafuta ya nazi, nikazisokota ncha mpaka zisimame kama pembe za ndama. Usiku nililala nimeyafunga kwa kitambaa. Mpumbavu mkubwa! Na adui wa nta ile ni maji ya mto. Ukizama mara moja tu, tope linanata, na kazi ya asubuhi nzima imeharibika.

Mzee Godana, baba yake Hawa, msichana niliyetaka kumwoa, hakunipenda tangu mwanzo.

"Dini yatuambia tupunguze masharubu, tuache ndevu," alinitupia maneno mbele ya watu. "Wewe kidevu umekikwangua kama sufuria, masharubu ndiyo unayalea. Wenzako wachunga ng'ombe, wewe wachunga mdomo!"

Nilimchukia. Nasema kweli: nilimchukia mzee yule, na sijamaliza kumchukia.

Lakini kwa ajili ya Hawa alinipa nafasi. "Siku ya kuvusha ng'ombe uwe mtoni," alisema. "Nikuone ukilowa. Alasiri njoo na wazee wako, tutafune buni ya posa, tuzungumze."

Kwa asiyejua, kuvusha ng'ombe Tana si mchezo. Ng'ombe wanaogelea, na vijana wanasimama majini safu nzima, maji kifuani, wakiyapiga kwa fimbo na kupaza sauti ili mamba asithubutu kusogea. Kila mtu ana mahali pake. Safu ikiwa na pengo, mamba analijua kabla yako. Mimi nilipewa mahali penye matete, chini kidogo ya kivuko.

Nilishuka mpaka ukingoni, nikasimama. Maji yalikuwa mekundu, mazito. Nikawaza alasiri ile, shangazi zake Hawa wakinikagua uso, na mimi masharubu yamelala kama kuku aliyenyeshewa. Nikaokota ufito mrefu, nikaanza kupiga maji nikiwa nchi kavu. Ufito haukufika popote.

"Shemeji!" Aliyeniita ni Barisa, kaka yake Hawa, mtu pekee aliyenitetea nyumbani kwao. "Ingia bwana! Mamba hali nywele!"

Vijana wakaangua kicheko.

"Naja," nikajibu. "Nina mwiba mguuni."

Hakukuwa na mwiba. Wallahi, hakukuwa na mwiba!

"Basi kaa na mwiba wako, bibi harusi!" akasema, akaacha mahali pake, akaogelea kuja kuziba pengo langu.

Mamba sikumwona. Nilimwona Barisa akicheka, kisha nikaona mdomo uleule umebaki wazi bila sauti. Wenzake walimrukia yule mnyama kwa fimbo na mkuki mpaka akaachia. Na mimi? Mimi nilisimama na ufito wangu, kama mtu aliyekuja kutazama ngoma.

Ng'ombe wote walivuka. Kengele ikapanda ng'ambo, ko, ko, ko, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mzee Godana alitoka majini, damu ya mwanawe imemjaa kifuani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwamo majini, mzee," nikasema. "Maji yalinisukuma."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaishika ncha moja ya masharubu yangu kwa vidole viwili. Watu wote pale walikuwa wanachuruzika maji.

"Makavu," akasema. Neno hilo tu.

Mkono wa Barisa ulikatwa hospitalini, chini kidogo ya kiwiko. Wa kulia! Mkono wa kulia chakula, mkono wa kushika fimbo, mkono alionipa siku aliyokubali niitwe shemeji.

Vijana mnaosoma haya huku mmeshika kioo, nawajua, na siwapendi, kwa sababu nyinyi ni mimi. Chongeni masharubu yenu mpendavyo. Lakini ukipewa mahali majini, ingia! Usipoingia wewe, ataingia anayekupenda.

Na nyinyi mnaonong'ona kwamba ningeomba msamaha yangekwisha, nyamazeni! Nilikwenda.

Nilikwenda baada ya mwezi, Barisa aliporudishwa nyumbani kwao, karibu na msikiti. Mdomo wa juu nilikuwa nimeunyoa kwa wembe mpaka ukatoka damu. Barisa alikuwa kwenye kitanda cha kamba. Aliposikia sauti yangu akageukia ukutani. Hawa alisimama kando ya mlango, ushungi ameuvuta mpaka machoni.

"Nimeyanyoa, mzee," nikasema. "Sitayafuga tena."

Mzee Godana aliutazama mdomo wangu, akautazama sana.

"Hayo yataota," akasema. "Ijumaa ijayo yatakuwa yameanza. Sasa niambie, kijana, na mkono wa mwanangu utaota lini?"

Nikamgeukia Hawa, nikitaka anisaidie hata kwa jicho.

"Nenda," akasema. "Kaka ataka kulala."

Nikatoka. Hawa akaufunga mlango nyuma yangu, polepole, kwa mikono yake yote miwili.