Makande ya Jana

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na jana ulipokuja kuniaga na kishikwambi chako kwapani, ikanirudia yote. Ulisema umepangiwa kuzunguka shule za Sigino na Bonga, kuangalia kama mpango wa serikali wa chakula cha mchana unaleta matunda. Nilifurahi sana. Nilitaka kukwambia jambo, lakini ulikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasikii hata akiitwa kula. Basi leo nakuandikia, usome polepole.

Nilikuwa mwalimu mchanga, hapo hapo Sigino. Serikali ilikuwa imeanza kutuletea mahindi na maharage, tukawa tunapika makande kila siku ya shule. Kabla ya hapo darasa langu lilikuwa nusu tupu, maana huku kwetu ng'ombe hawajui Jumatatu wala Jumanne, lazima mtu awachunge. Makande yalipoanza, darasa likajaa hadi watoto wakabanana kwenye madawati. Nikavimba kichwa. Ungeniona ninavyotembea, ungedhani makande nimeyavumbua mimi.

Ndipo akaja mkaguzi, Mwalimu Yosefina, mama wa makamo, mpole wa kauli, ambaye walimu wote tulikuwa tunamwogopa bila sababu. Alikuja kupima kama mpango uendelee au ukatishwe. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti ofisini. Aliitikia marahaba, kiti akakikataa. Akaenda kukaa na watoto kwenye nyasi, akapewa sahani yake ya makande, akala nao. Mimi nimesimama pembeni namwambia, "Unaona, mwalimu? Kila siku wanajaa hivi hivi."

Akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia msichana aliyekaa karibu naye.

"Haya makande matamu. Na ya jana yalikuwaje?"

Mtoto akajibu bila wasiwasi, "Sijui, mwalimu. Jana alikula Rehema. Mimi nilikuwa na ng'ombe."

Mtoto huyo, mwanangu, ndiye mama yako mzazi. Na Rehema ni huyo huyo mama yako mdogo. Walianza shule mwaka mmoja, wote katika darasa langu.

Mwalimu Yosefina hakushtuka. Akauliza mwingine, na mwingine. Kumbe karibu kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na zamu: leo huyu shuleni na yule malishoni, kesho wanabadilishana. Sahani zilikuwa zilezile, walaji ndio waliobadilika. Mimi nilikuwa nawaona wanakosekana, nasema ni homa, nasema ni mvua, kwa kuwa darasa limejaa na macho yangu yameshiba. Tulipobaki wawili akaniambia, "Binti yangu, wewe umehesabu sahani. Mtoto anayesoma leo akakosa kesho, somo analikuta limeshaanza na kuliacha halijaisha." Maneno yale yaliniuma, lakini hakunisema mbele ya mtu, ndiyo maana nimeyatunza hadi leo.

Hofu yangu ilikuwa moja. Akiandika kwamba mpango haujafaa, chakula kitakatwa, na mama yako hatakuja hata hiyo siku ya zamu yake. Nikamwomba afumbe jicho.

"Sifumbi," akasema. "Ila bado sijamaliza kuangalia. Nipeleke kwao."

Babu yako Bura, Mungu ampumzishe, alitupokea kwa maziwa. Alipoulizwa habari ya zamu, hakuficha kitu.

"Mwalimu, mimi nagawa kwa haki. Chakula cha serikali kimekuja kwa watoto wote. Nikimpeleka mmoja kila siku, mwingine atasema baba hanipendi. Na ng'ombe nao ni wangu."

Nilidhani atafokewa. Mwalimu Yosefina akacheka, akamsifu kwa haki yake, kisha akauliza, "Na ng'ombe wa majirani zako wanachungwa na nani?"

Babu yako akaanza kutaja: watoto wa huyu, watoto wa yule. Katikati akajishtukia. Akaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Kumbe kila nyumba inatoa mtoto kufuata ng'ombe wachache," akasema. "Wakati wa kulima tunaitana. Kwenye kuchunga tumeshindwa nini?"

Waliitana kweli. Zamu ikatoka kwa watoto ikahamia kwa wazee: leo Bura anawatoa ng'ombe wa majirani wote, kesho jirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nimeuona usemi huo ukitembea kwa miguu. Mkaguzi aliandika ukweli wote: kwamba chakula kinawaleta watoto, kwamba chakula hakiwezi kuchunga ng'ombe, na kwamba wazazi wenyewe wamepata dawa. Makande yakaendelea. Aliporudi msimu uliofuata akakaa pale pale kwenye nyasi, akamuuliza mama yako makande ya jana yalikuwaje.

"Yalizidi chumvi," mama yako akajibu.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha. Mpishi akadhani nimekasirikia chumvi yake, akaanza kuomba msamaha.

Sikiliza basi, mwanangu. Mpango wa serikali ukiwa mzuri, usione haya kuusifu. Mimi nausifu mpaka leo, maana umenilelea watoto. Lakini usiusifu kwa mbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa chini na watoto, kula wanachokula, kisha fika na nyumbani kwao, uwaamkie wazazi kabla ya kuwauliza. Ukikuta kasoro, usiifiche ili kumfurahisha mkubwa, wala usiitangaze ili uonekane hodari. Iandike pamoja na mema yaliyoizunguka, na uwape wenye watoto nafasi ya kufikiri. Aliyemfanyia mama yako hivyo hakuwa na kishikwambi, alikuwa na subira tu.

Nenda salama. Mungu akutangulie njiani, mbwa wa watu wasikubwekee, na kila nyumba utakayopiga hodi ikukaribishe ndani. Na kila mtoto utakayemuuliza makande ya jana yalikuwaje, awe na jibu.