Ya Zamani Haijaoza

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu ya mawese mikononi mwangu. Nilikuwa binti mkamua mawese huko Kizuka, kando ya ziwa, mjuaji kupita kiasi. Kaka yangu Rashidi alikuwa na ugonjwa wa akili, ule wa kusikia sauti zisizo na mwenyewe. Vidonge vya hospitali vilizinyamazisha, lakini mikono ikawa inamtetemeka na shingo kukakamaa, hata kushona nyavu kukamshinda. Nilimhurumia sana.

Daktari akatuambia, "Hii ni dawa ya zamani. Iko ingine mupya, tutazungumuza mukirudi."

Mimi nikashika neno moja tu: zamani. Kwetu mawese ya zamani huchacha, hayaliwi. Nikavitupa vidonge vyote chooni, nikajisifu kwamba nimemwokoa kaka yangu. Haraka haraka haina baraka.

Haukupita muda, sauti zikarudi. Mchana mmoja Rashidi aliingia ziwani na nguo zake zote, akisema anaitwa. Wavuvi walimtoa maji yakiwa yamemfika kidevuni. Nililia hadi sauti ikanikauka, kwa maana mkosaji nilikuwa mimi.

Bibi Mariamu, muuguzi mzee, hakunipigia kelele nilipomweleza nilichofanya. "Mudogo wangu, zamani si kuoza. Ile ya zamani inaweza kukaza mwili na kutetemesha. Ile mupya mara nyingi haikazi sana, lakini inaweza kuleta njaa, unene na sukari. Zote zinaweza kutuliza zile sauti. Ulimuuliza Rashidi ataweza kuvumilia shida ya dawa gani?"

Sikuwa nimemuuliza. Tulipomuuliza, alisema, "Mimi nataka mikono yangu."

Daktari akampa ile mpya. Mikono ikatulia, lakini njaa yake, ewe! Akimaliza ugali wake, anatazama sahani yangu. Alinenepa, na mpaka leo tunampeleka kupimwa sukari. Jirani yetu mwenye ugonjwa huohuo alichagua kubaki na ile ya zamani, daktari akampunguzia dozi, naye hajambo.

Basi, mwanangu, dawa usiisifu kwa upya wala kuidharau kwa uzee, na usimkatishe mgonjwa dawa yake bila daktari. Muulize anayeimeza, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Haya, nawa mikono, ule. Ndagala hawa, dagaa wa ziwa letu, wamevuliwa kwa wavu alioushona Rashidi.