Siku Nilipotafsiri Kichomi

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mjerumani, nilivaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili. Nilikuwa mkalimani wa banda la wagonjwa katika kambi ya reli, Dodoma. Mimi Mrangi wa Kondoa, Kigogo nilikijua, Kijerumani nilikisoma shuleni, na kichwa kilinivimba.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa Ndahani, kibarua wa reli kutoka Ipagala, aliyeletwa na mkewe, Mama Chalo. Alikohoa makohozi ya rangi ya kutu, na kila pumzi ilimchoma ubavuni. Bwana Daktari, Mjerumani aliyekuwa mkubwa wangu, alimgongagonga kifua kwa kidole, akamsikiliza kwa bomba dogo la mti, kisha akatamka neno refu kama behewa. Nusu yake ni mapafu. Nusu ya pili, kwa Kijerumani, imetokana na kuwasha moto.

Ninyi vijana mnasema nimonia. Pafu huvimba, vifuko vyake vya hewa hujaa majimaji, mtu akavuta pumzi isimtoshe. Sisi tuliita kichomi, na Mama Chalo alilijua jina hilo vizuri. Lakini nilitaka kuonyesha elimu. Nikamwambia, "Mapafu yake yanawaka moto."

"Wamfunike, akae kwenye joto, anywe uji wa vuguvugu," alisema Bwana Daktari.

Nikatafsiri. Mama Chalo akanikazia macho. "Baba, moto tuuongezee moto?"

Mkubwa wangu alikuwa pale pale, ningemuuliza. Niliona haya kuonekana sijui kitu siku ya kwanza. "Hapana, mama," nikajibu. "Mpozeni."

Wakamchukua nyumbani, wakampoza. Walimmwagia maji ya kisima, wakamlaza juu ya paa bapa la tembe yao apigwe na upepo wa kipupwe. Siku ya tatu walimrudisha hajiwezi, akafa kabla ya adhuhuri.

Bwana Daktari alifoka. "Muulize huyu mwanamke, nani alimwambia ammwagie maji?"

Nikamuuliza. Akajibu kwa upole, kwa Kigogo, "Si wewe, baba? Ulisema tumpoze."

Nikamgeukia mkubwa wangu. "Anasema hawakuelewa, Bwana Daktari."

Hasira zikamwisha. Alimshika mjane bega, akatoka. Mama Chalo, ambaye Kijerumani hakukijua hata neno, akanishika mikono yote miwili. "Ahsante, baba. Umenitetea."

Baadaye nilihamishiwa Kilimatinde, kisha Kondoa, chini ya wakubwa wakali na wapole. Kila mkalimani mpya nilimwambia: mgonjwa mtajie kichomi, na usipoelewa uliza, hata wakikucheka. Pengine Ndahani angekufa tu, maana dawa ya kumponya hatukuwa nayo. Hilo hunituliza kidogo, si sana.

Sasa nimestaafu. Mama Chalo ni bibi kizee wa Chamwino, na kila mavuno huniletea karanga. Mwaka huu aliniuliza, "Hivi baba, siku ile ulimwambia nini yule Mzungu hata akapoa?"

Nikamjibu kwamba Kijerumani nimekisahau.