Pipa la Majani ya Mwakani

Kinuyo hakuwahi kukaanga jani la mwaka uleule. Mama mkwe wake, mkali kama pilipili, ndiye aliyemfunza: jani la mti wa momiji, lile lenye vidole kama mkono wa mtoto, huchumwa likishageuka manjano, moja moja, bila kidole kukatika. Huoshwa, hulazwa kwenye pipa la chumvi, na humo hukaa mwaka mzima. Msimu ukirudi ndipo huchovywa kwenye uji wa unga wenye sukari na ufuta, likakaangwa taratibu mpaka likauke na kulia likitafunwa.

Miaka hamsini na miwili alikaa na karai lake kona ya pili ya njia ya kwenda maporomoko ya maji. Watu walipanda kwa miguu kutoka stesheni, wazee na fimbo zao, wachumba, walimu na misururu ya watoto, wote shingo juu, wakitazama mlima unavyowaka wekundu. Wakishuka na njaa, ni kwake. Mwaka aliomzika mumewe alikosa siku nne tu. Watoto wake watatu wako mjini Osaka. Hakuna hata mmoja ajuaye kuchovya jani.

Mwezi wa tisa kikaja kimbunga. Mlima ukameguka, ukafukia njia kutoka kona ya tatu hadi daraja la maporomoko; watu wakazuiwa stesheni, wasipande. Na majani nayo, kama kwa kusudi, yakageuka rangi kwa uzuri ambao haujaonekana miaka kumi. Wa kuyatazama hakuna.

Kinuyo alichuma vilevile. Pipa la mwaka jana lilikuwa bado limejaa; la pili, tupu, lilingoja.

"Shoga, unamchumia nani?" akauliza Tsuneko, muuza chai wa jirani. "Utawakaangia nyani?"

"Nyani ana adabu kuliko mwanao. Yeye huja kila mwaka."

Bado wanacheka, akatokea Nagai, karani wa halmashauri, kibao kwapani. Akainama kuwasalimu.

"Nauliza moja tu," Kinuyo akasema. "Mwakani watu watapita? Jani linataka mwaka. Ukisema ndiyo, natia chumvi leo."

"Bibi, wakubwa wanasema hali itaangaliwa..."

"Wakubwa sijawauliza. Nimekuuliza wewe, uliyekula majani yangu ukajipaka mafuta hadi masikioni."

Nagai akavua kofia. "Hawatapita, bibi. Si mwakani, wala mwaka wa tano. Kijiji hiki kina nyumba sita tu. Hakuna atakayejenga njia kwa nyumba sita."

"Na kibao kinasemaje?"

"Njia imefungwa kwa muda. Ndivyo tulivyoambiwa tuandike."

"Kwa muda!" Tsuneko akaguna. "Hata mimi nimo duniani kwa muda."

Nagai akaenda kupigilia kibao chake. Kinuyo aliyahesabu mapigo ya nyundo, manane, kisha akabeba beseni la majani aliyoyachuma hadi kijitoni, akayamimina. Yakaenda na maji, yote mazima, hakuna lililokatika kidole.

Chumvi akairudisha kabatini. Pipa tupu akalisuuza, akalifudikiza juani. Pipa la mbao likiachwa kavu, mbao zake huachana, halishiki maji tena. Hilo alilijua tangu mwaka alioolewa.